Mikrosekunde Kumi

Transista ya nguvu iliyopigwa shoti haina muda wa kungoja msaada. Watengenezaji wa transista za aina ya IGBT, zile za volti 1200, kwa miaka mingi wameahidi mikrosekunde 10. Mkondo wa shoti ukipita kwa muda unaozidi hapo, hawadai tena kwamba kifaa kitapona. Vizazi vipya vimeshuka hadi 5 au 6, na transista nyingi za silikoni kabaidi hazizidi 2 au 3. Kupepesa jicho mara moja kunachukua muda unaozidi huo zaidi ya mara 10,000. Mimi nimezeekea ndani ya mikrosekunde hizo. Kazi yangu ni kubuni saketi ndogo inayokaa nyuma ya geti la transista, inayoitambua shoti na kuizima transista kabla haijaungua. Kazi hiyo nimeijua hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, nami wachimbaji wa mtaa wa Kasulo wamenifundisha mengi ambayo darasani sikuyasikia.

Mwaka 2014 mkazi mmoja wa Kasulo aliyekuwa akichimba kwenye kiwanja chake alikuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Habari zilienea mtaa mzima. Watu walichimba uani, wakachimba sebuleni, wakachimba hata vyumba vya kulala. Maturubai yalitandwa juu ya midomo ya mashimo, na udongo mwekundu ukarundikwa kati ya nyumba na nyumba mpaka njia zikapotea. Sheria inawawekea wachimbaji wadogo kikomo cha mita 30 kwenda chini, lakini Kasulo mashimo mengi hayakuishia hapo. Na kila aliyewahi kushuka chini ya ardhi ya mkoa wetu wa Lualaba anajua kwamba tangu Novemba mpaka Aprili adui wake wa kwanza ni maji.

Maji yalileta pampu, na pampu zikaleta inveta. Mota ya fezi tatu ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, na jenereta ndogo ya mtaani haiwezi kubeba mshtuko huo. Inveta huianzisha mota taratibu, ikipandisha masafa kutoka chini hadi hezi 50, na jenereta ileile iliyokuwa ikizimika inaendesha pampu bila taabu. Basi inveta zikaanza kuingia mjini, mpya na zilizotumika, kwa njia ya Kasumbalesa na Lubumbashi. Haukupita muda, zikaanza kufa.

Zilifika mezani kwangu ndani ya mifuko ileile ya madini. Nikifungua kifuniko nilikuta moduli ya transista imepasuka, rizista za geti zimekuwa makaa, na optokapla, zile chipu zinazopitisha amri kwa mwanga, zimekufa pamoja nayo, kwa sababu transista inapoungua hurudisha volti kubwa nyuma, mpaka kwenye saketi iliyokuwa ikiiamuru. Vijana walioniletea, ambao waliniita yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake hapa kwetu, walikuwa na maelezo yaleyale: "Yaya, umeme ulikuja mbaya." Mara nyingine ni kweli ulikuwa umekuja mbaya, maana radi za mji huu si za kuchezea. Lakini nilipoomba niletewe na kebo ya pampu, jibu mara nyingi lilikuwa humo. Kebo ilikuwa imesuguliwa na ukingo wa shimo mpaka shaba ikawa nje, au kiungio kilifungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, maji yakapenya, fezi mbili zikakutana. Tangu hapo sikupokea inveta bila kebo yake.

Tuangalie kinachotokea wakati huo, kwa hesabu ya kawaida. Volti 400 za fezi tatu zikipita kwenye rektifaya zinakuwa kama volti 565 za DC, kwenye njia ya ndani ya inveta tunayoiita basi la DC. IGBT ya ampea 50 ikipigwa shoti hubana mkondo yenyewe kwenye kiwango fulani, tuseme ampea 250. Sasa volti zote 565 zimekaa juu yake huku ampea 250 zinapita ndani yake. Hizo ni kilowati 140 katika kipande cha silikoni kinachoenea juu ya ukucha. Joto halipati nafasi hata ya kufika kwenye kipoozaji. Fyuzi haiokoi kitu. Hata ile ya haraka, inayouzwa mahususi kwa semikondakta, hufanya kazi kwa kipimo cha milisekunde. Itazuia boksi lisiwake moto, lakini transista itakuwa imekwisha. Prosesa ya inveta nayo husoma mkondo kwa vipindi, ikahesabu, ikaamua. Kuitegemea yenyewe peke yake ni kama kupeleka habari za moto kwa gavana wakati ndoo ya maji iko mlangoni.

Aliyenifungua macho kuhusu jambo hili ni mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi ujanani mwake kwenye kituo cha kubadilishia umeme hapa Kolwezi. Vijana wengi hupita karibu na kituo hicho bila kujua kilivyo cha pekee. Laini yake inatoka Inga, kwenye Mto Kongo upande wa bahari, inakata nchi kwa kilomita zipatazo 1,700, ikibeba umeme wa DC wa volti 500,000 kwa kila upande, mpaka kufika hapa kwenye migodi ya shaba. Ilipokamilika mwaka 1982 ilikuwa ndefu kuliko laini zote za umeme duniani. Ndani ya kituo kuna vali za thairista, zinazougeuza umeme huo wa DC kuwa AC wa kutumika mgodini. Kwa maneno mengine, elektroniki za nguvu si jambo jipya Kolwezi wala si la kuazima. Watu wa mji huu wamelala na kuamka karibu nazo kwa zaidi ya miaka 40, na wazee wa hapa wamezihudumia kwa mikono yao.

Nilimwita Baba, naye akaniita kijana wangu. Nilimpelekea mchoro wa inveta yangu ya kwanza ya pampu, nikitaka aone ufanisi wake. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia: "Kijana wangu, mashine usiihukumu siku inayofanya kazi vizuri. Niambie siku mbaya ikifika nani anakata, anakata baada ya muda gani, na anakata kwa mkono mzito au mwepesi."

Maswali hayo matatu yaliniingia kuliko somo lolote nililopewa kabla yake. Na yeye alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu thairista alizozihudumia zina tabia ngumu: ukishaziwasha kwa geti, huwezi kuzizima kwa geti. Zitazimika tu mkondo ukiishiwa. Kwa hiyo laini ya Inga ikipata hitilafu katikati ya msitu, upande wa Inga hugeuza pembe ya kuwashia vali, rektifaya inakuwa inveta kwa muda, inanyonya nishati iliyomo kwenye laini mpaka mkondo ukaisha, inangoja hewa iliyoungua ipoe, kisha inaanza tena. Koili kubwa zilizopangwa mwisho wa laini huufanya mkondo upande polepole, na upole huo ndio unaowapa watu na vidhibiti milisekunde za kufanya kazi yote hiyo. Mzee alikuwa na mashaka na transista zangu. "Una koili gani ya kukupa muda?" aliniuliza. Sikuwa nayo. Ndani ya inveta, kati ya kapasita na transista, mbunifu hufanya kila jitihada induktansi isiwepo. Hakuna kinachochelewesha shoti. Transista lazima ikatwe na geti lake.

Mashaka yake yalikuwa na historia pia. IGBT za mwanzo kabisa zilikuwa na thairista iliyojificha ndani yake, na mkondo ukizidi kiwango fulani thairista hiyo iliamka. Tangu hapo geti halikuwa na neno tena. Mwaka 1984 Akio Nakagawa na wenzake wa Toshiba walionyesha IGBT ya volti 1200 ambayo thairista yake ya ndani haikuamka hata transista ilipobanwa na mkondo wa shoti. Naamini bila hatua hiyo kazi yangu isingekuwapo. Ulinzi wa kukata kwa geti unawezekana tu pale geti linapoendelea kutiiwa mpaka dakika mbaya kabisa.

Jibu la swali la kwanza, nani anakata, nimelishikilia mpaka leo: anakata kiendesha geti chenyewe, ile chipu iliyo sentimita chache kutoka kwenye transista, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Namna inavyojua kwamba kuna shoti ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haipimi mkondo kabisa. IGBT iliyowashwa vizuri, ikibeba mkondo wake wa kawaida, ina kama volti 2 tu kati ya kolekta na emita. Mkondo ukipanda kupita kiasi ambacho geti linaruhusu, transista inatoka kwenye hali yake ya kushiba, na volti za kolekta zinapaa kuelekea 565. Basi ziangalie volti hizo. Kutoka kwenye kiendesha geti unapitisha mkondo mdogo, kwa chipu nyingi mikroampea 250, kupitia dayodi ya haraka ya volti kubwa mpaka kwenye kolekta. Transista ikiwa salama, mkondo huo mdogo unaishia kwenye kolekta. Kolekta ikipaa, dayodi inafunga, mkondo unageukia kwenye kapasita ndogo, kapasita inajaa, na ikifika volti 7 kilinganishi kilicho ndani ya chipu kinazima geti. Baada ya hapo ndipo habari inapopelekwa kwa prosesa kupitia optokapla. Prosesa inaambiwa yaliyokwisha kufanyika.

Kapasita hiyo ndogo ndiyo saa ya ulinzi wote. Ya pikofaradi 100, ikijazwa kwa mikroampea 250 mpaka volti 7, inachukua mikrosekunde 2.8. Ukiweka ndogo mno, saketi itapiga kelele kila transista inapowashwa, kwa sababu kolekta huhitaji muda kidogo kushuka kutoka volti 565 hadi 2. Ukiweka kubwa mno, unakula muda wa uhai wa transista. Wengine huchukua ahadi ya mikrosekunde 10 wakapanga ulinzi wao ukate kwenye 9. Sikubaliani nao hata kidogo. Ahadi hiyo imeandikwa kwa joto fulani, kwa volti fulani za geti na volti fulani za basi, na inveta iliyo juani kando ya shimo la Kasulo haijui masharti hayo. Mimi hutaka muda wote, tangu shoti ianze mpaka geti lishuke, usizidi nusu ya ulioandikwa.

Kuna mambo ya mahali ambayo vitabu haviyasemi kwa msisitizo. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kanuni ya kawaida ya inveta ni kupunguza uwezo kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazozidi 1,000, kwa maana hewa nyepesi hupooza vibaya. Vumbi ni jambo zito zaidi. Pini ya kutambua shoti inaendeshwa na mikroampea 250 tu, hivyo njia yoyote ya kuvujisha mkondo inaiharibia hesabu. Vumbi la madini likikaa juu ya bodi na kupata unyevu wa Januari, linakuwa njia hiyo hasa, na saketi iliyokuwa ikikata kwa mikrosekunde 3 haikati tena au inakata ovyo. Ndiyo maana kila bodi yangu hupakwa vanishi, na eneo la pini hiyo mara mbili. Dayodi nayo naigawa: mbili mfululizo badala ya moja, ili kapasitansi ipungue na kelele za kuwasha na kuzima zisipenye, nikikumbuka kwamba kila dayodi inakula sehemu ya zile volti 7.

Swali la mkono mzito au mwepesi ndilo lililonifurahisha zaidi, maana mzee alilijua kwa tajiriba ya laini yake, nami nikaliona likirudi kwenye kijisanduku changu. Mtu angedhani kwamba kwenye shoti ni bora kukata kwa nguvu zote. Tazama: waya na baa za ndani zina induktansi ndogo, tuseme nanohenri 100. Ukikata ampea 250 ndani ya nanosekunde 50, induktansi hiyo inajibu kwa volti 500, zinazojumlishwa juu ya 565. Jumla ni 1065, na transista ya 1200 inapona kwa tabu. Lakini mota ikiwa inapunguza mwendo, inarudisha nishati na basi la DC linaweza kufika 750. Sasa jumla ni 1250, na ulinzi wenyewe ndio umeiua transista. Kwa hiyo katika shoti, na katika shoti tu, geti linashushwa kupitia rizista kubwa zaidi kuliko ya kawaida, mkondo unapungua kwa mteremko wa mikrosekunde moja au zaidi, na volti hazipandi. Kukata mapema, kisha kukata kwa upole. Yote mawili lazima yaingie ndani ya muda uleule. Pale ninapoweza, ninaunganisha kapasita na moduli kwa mabamba mapana ya shaba yaliyolaliana, yakitenganishwa na karatasi nyembamba ya plastiki, na induktansi inashuka sana. Karibu na geti naweka dayodi ya zena ya volti 16 hadi 18, kwa sababu kolekta inapopaa ghafla husukuma volti kwenye geti kupitia kapasitansi iliyo kati yao, na geti lililosukumwa huruhusu mkondo mkubwa zaidi wa shoti. Na transista iliyozimwa naishikilia kwenye volti 8 chini ya sifuri, isije ikawashwa na jirani yake.

Yote hayo yanatosha kwa shoti iliyo karibu na inveta. Kasulo shoti haikuwa karibu. Ilikuwa mwisho wa kebo, mita 50 au 60 chini, ndani ya maji. Kebo ndefu hivyo ina induktansi ya mikrohenri kadhaa, pengine 40, na mkondo unapanda kwa kama ampea 14 kwa kila mikrosekunde. Transista inaendelea kuwa kwenye hali ya kushiba, volti za kolekta ziko chini, na mlinzi wa kolekta haoni kitu mpaka mkondo ufike ampea 200 na zaidi. Pampu inapoanza kwa masafa ya chini mapigo ni mafupi, na mkondo unaweza kupanda na kushuka chini ya kiwango hicho, transista ikipikika taratibu bila yeyote kukata. Inveta nyingi nilizozifungua zilikuwa na ulinzi wa kolekta, tena uliopangwa vizuri, na bado zilikuwa zimeungua kwa njia hii. Mlinzi wa kolekta si mlinzi wa mkondo kuzidi. Lazima awepo wa pili: kipimo cha mkondo chenye kilinganishi chake, kinachokata kwenye ampea 120 au hapo karibu, wakati transista bado iko shwari na kuizima ni jambo jepesi.

Mahali pa kukiweka kipimo hicho nako panahitaji kufikiriwa. Wabunifu wanaobana gharama huweka rizista moja ya kupimia kwenye upande hasi wa basi. Ni nafuu, na inaona shoti ya fezi kwa fezi. Lakini shimoni hitilafu ya mara kwa mara ni fezi kugusa ardhi, kupitia tope na maji. Mkondo huo hutoka upande chanya, ukapita kwenye transista ya juu, ukaingia ardhini, ukarudi kwa jenereta kupitia nyutro iliyofungwa ardhini. Rizista ya upande hasi haiuoni kabisa. Ndiyo maana naweka vipimo kwenye fezi zinazotoka, zote tatu, ingawa bei inapanda. Kwa inveta ya shimoni, anayeweka kipimo upande hasi peke yake amebuni kwa ajili ya kiwanda kikavu.

Siku moja kundi la wachimbaji lilinijia na ombi ambalo kila fundi wa ulinzi amewahi kulisikia. Inveta niliyowatengenezea ilikuwa inakata kila baada ya muda mfupi. Mkubwa wao alisema kwa heshima zote: "Yaya, tunaomba utoe hicho kinachokata. Pampu ikisimama, maji yanapanda, na wenzetu wako chini." Sikulipuuza neno lake, kwa sababu lilikuwa kweli. Pampu kusimama ni hatari yenyewe. Tulivuta kebo yote juu, tukaikuta imechanwa karibu na pampu, na waya wa fezi ukigusa maji ambamo watu walikuwa wamesimama. Saketi ilikuwa ikisema kweli kila ilipokata. Kebo ikabadilishwa, na kukata kukaisha. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yake, na tangu hapo inveta zangu za shimoni haziji bila king'ora. Ikikata, inalia, na walio chini wanajua papo hapo kwamba wapande. Vilevile haijiwashi yenyewe baada ya shoti. Lazima mtu aje, aone taa, aitazame kebo, ndipo abonyeze. Kila shoti inayokatwa salama bado huacha uchovu ndani ya moduli, na kuirudishia shoti ileile mara kwa mara ni kuiua kwa awamu.

Na kuna jambo ambalo nalisema kila ninapopata mtu wa kunisikiliza, kwa sababu linagusa uhai. Ulinzi wa transista haumlindi mtu. Saketi ninayoisifu hapa inakata kwenye ampea 120. Moyo wa binadamu unaweza kusimamishwa na mkondo ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Mtu aliyesimama kwenye maji analindwa na kifaa kingine, kile kinachokata mkondo unaovuja ukifika miliampea 30, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa. Nyuma ya inveta hata kifaa hicho kinataka kuchaguliwa, kwa kuwa uvujaji wa DC hukipofusha kile cha kawaida. Inatakiwa aina B. Ni ghali. Nimewaona watu wakinunua inveta nzuri na kuacha kifaa hicho dukani, wakiamini kwamba kilichookoa transista kitawaokoa na wao.

Namna ya kuthibitisha ulinzi ni moja, nayo ni kuipiga shoti. Hesabu ikikamilika naunganisha kapasita kubwa badala ya umeme wa mtaani, ili nishati iwe na mwisho unaojulikana, nazungushia kizuizi, naanza na volti 100 za basi, naipa transista pigo moja tu huku kolekta imefungwa kwa baa fupi ya shaba, natazama osiloskopu. Nikiridhika napanda hadi 300, kisha 565, kisha 750. Baadaye narudia kwa kebo ndefu, kisha kwa fezi na ardhi, kisha moduli ikiwa ya moto. Kwenye skrini unaona mkondo ukipaa kama ukuta, unatulia juu, kisha unateremka kwa mteremko uliouchagua wewe, na volti za kolekta zikipanda kidogo tu juu ya basi. Sijui picha nzuri kuliko hiyo katika kazi yangu. Mzee alipoiona mara ya kwanza aliomba nirudie, akavaa miwani, akahesabu vijisanduku vya skrini kwa kidole chake, akasema: "Huyu anakata mapema, na mkono wake ni mwepesi."

Mwaka 2017 serikali ya mkoa iliitoa sehemu ya Kasulo kwa Congo Dongfang Mining, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt ya China. Mamia ya familia zilihamishwa, ukuta ukajengwa, na uchimbaji ukaendelea ndani yake kwa utaratibu mwingine. Kobalti ya Kongo, ambayo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, inaingia kwenye betri nyingi za lithiamu, na baadhi ya betri hizo zinaendesha magari. Kati ya betri na mota ya gari kuna inveta, na ndani ya inveta hiyo kuna saketi hiihii: dayodi, kapasita ndogo, kilinganishi, na kukata kwa upole. Hakuna mtengenezaji wa gari anayethubutu kuiuza bila hiyo. Mchimbaji aliyetoa jiwe anastahili ulinzi uleule kwenye pampu inayomkaushia shimo, na sheria za fizikia anazotegemea ni zilezile. Tofauti iliyobaki ni ya bei na ya kujali.

Vijana wa Kolwezi wanaosomea umeme sasa wana nafasi ambayo kizazi changu hakikuwa nayo. Chipu za viendesha geti zenye ulinzi kamili zinauzwa kwa bei ya chini kuliko moduli moja iliyoungua, na maelezo yake yanapatikana bure. Kinachotakiwa ni kuzijua hitilafu za hapa: kebo ndefu, tope, vumbi la madini, jenereta dhaifu, radi. Inveta inayobuniwa bila kuzijua itaungua hapa hata kama imefaulu kila jaribio huko ilikotoka.

Nawe unayenunua inveta kwa ajili ya pampu ya shimoni, usiulize kwanza bei wala nguvu za farasi. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha yeye mwenyewe apige shoti nyaya za kutokea mbele yako, mara moja kwa waya mfupi na mara moja kwa kebo ndefu kama yako. Ikikata, ikalia, na ikakubali kuwashwa tena baada ya shoti kuondolewa, lipa. Akikataa kufanya jaribio hilo, usiipeleke inveta yake mahali ambapo watu wako chini ya ardhi.